Waliobeba Maiti Hadi Bagamoyo, Sura Zao Zikabaki Gizani

Oktoba 1873 uliingia Kwihara, hapo jirani na Tabora, msafara wenye mzigo usio wa kawaida: maiti ya David Livingstone, imekaushwa kwa chumvi na jua. Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa anasumbuliwa na homa hapo hapo, akashauri wazike tu yaishe. Wakagoma. Wakaifunga upya ifanane na robota la nguo, maana njiani wenye vijiji wasingekubali maiti ipite, wakaifikisha Bagamoyo Februari 1874.

Chuma, Susi na Jacob Wainwright walifika Uingereza, wakapigwa picha. Makumi ya wenzao, wanaume kwa wanawake? Wengi wao hakuna anayejua walifananaje.

Sasa cheki hii. Juni 1873, msafara ukiwa bado porini, William Willis alisajili London njia mpya ya kusafisha picha kwa platinamu. Karatasi inapakwa chumvi ya chuma (madini, siyo yule Chuma wa msafara) pamoja na ya platinamu. Negativu inalazwa juu yake, inaanikwa kwenye mwanga, halafu dawa inaacha chembe za platinamu ndani ya nyuzi za karatasi. Haipauki kirahisi kama zile picha za ute wa yai zilizotamba enzi hizo.

Utamu wake uko kwenye vivuli. Mpagazi mweusi kavaa shuka jeupe, jua la Unyamwezi saa saba mchana: ukizidisha kontrasti shuka linang'aa, uso unageuka doa. Ndiyo maana kwenye picha kibao za misafara unaona kofia ya mzungu vizuri, wa pembeni wanabaki vivuli. Platinamu ina ngazi ndefu kutoka nyeupe hadi nyeusi, kwa hiyo shavu, paji na kovu vinapata nafasi. Negativu ikiwa imepooza, matone machache ya potasiamu kloreti kwenye mchanganyiko yanaikaza. Yakizidi, picha inakuwa na chenga.

Rangi nayo inachaguliwa. Platinamu inatoa kijivu baridi, ila dawa ikipashwa moto inaelekea kahawia. Paladiamu ni kahawia yenyewe, na ilipata soko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, platinamu ilipopanda bei kwa kuhitajika viwanda vya baruti. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyowapa Wabelgiji Tabora, Septemba 1916.

Wachapaji wa leo bado wanachanganya metali hizo mbili, tone kwa tone, na negativu wanaweza kuitengeneza kwa kompyuta kutoka picha ya zamani. Ila kwanza lazima mtu aamue anapima mwanga kwa kofia ya bosi au kwa uso wa aliyebeba mzigo. Kama uso haukuingia kwenye negativu tangu siku ile, hakuna metali itakayourudisha.