Nairuzi ya Makunduchi na Nyota Zake

Sikukuu ya Mwaka Kogwa, ambayo kila Julai huwakusanya watu wa mjini na wa mashamba huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, ni masalio ya kalenda ya mabaharia wa Bahari ya Hindi. Jina lake jingine, Nairuzi, limetokana na Kiajemi na maana yake ni siku mpya, ilhali kogwa ni koga, yaani kuoga, kwa kuwa mwaka ukigeuka watu waliteremka pwani kujitakasa. Mchana wanaume hupigana kwa migomba ili kumaliza vinyongo, kibanda cha makuti hutiwa moto na moshi wake hutazamwa unakoelekea, wageni hulishwa, na usiku ngoma huhamia ufukweni.

Mwaka wa Nairuzi una siku 365, zilizogawanywa katika miongo 36, yaani mafungu ya siku kumi kumi, pamoja na siku tano za ziada. Na kwa kuwa hauongezewi siku kila mwaka wa nne, Nairuzi hurudi nyuma kwa takriban siku moja katika kila miaka minne. Ahmad ibn Majid, rubani wa Julfar aliyekamilisha kitabu chake kikuu cha unahodha yapata mwaka 1490, alizitaja nyakati za kusafiri kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi, ambayo zama zake iliangukia Novemba, kaskazi ikikaribia; leo inaangukia wakati kusi inavuma.

Hesabu ya namna hiyo, yenye manufaa makubwa kwa nahodha ndani ya msimu mmoja, isingemtosha mkulima kwa vizazi kadhaa, na hapo ndipo thamani ya kilimia inapoonekana. Kundi hili dogo la nyota, ambalo jina lake linatokana na kulima, huchomoza alfajiri mwezi wa Juni, hukesha angani Novemba na hupotea magharibi karibu na Mei, wala umri wa mtu mmoja hautoshi kuyaona majira hayo yakihama.

Kwa hiyo aliyekaa ufukweni usiku wa Nairuzi katika zama za Ibn Majid alikiona kilimia mashariki mara giza lilipoingia. Anayebaki Makunduchi leo, mnamo saa tatu usiku, huliona kundi la nyota la Nge juu sana upande wa kusini, na kilimia hakichomozi mpaka baada ya saa nane, ngoma zikiwa zimenyamaza.