KIWAVIJESHI VAMIZI NA HOMONI ZA BINADAMU



Aliyelima mahindi Ikuti miaka hii anamjua kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni Amerika. Afrika aliripotiwa mwaka 2016, na kufikia 2017 alikwisha ingia Tanzania. Likizo moja nilifunua majani katika shamba la mama nikamkuta amejificha kwenye moyo wa mmea, anakula. Lakini mwizi huyu ana historia nyingine.

Mwaka 1977 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi walivyootesha ndani ya chupa seli za ovari ya pupa wa mdudu huyohuyo. Wakati huo wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini iliyotolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 bakteria waliopewa jeni walitengeneza insulini ya binadamu, na mwaka 1982 ikaidhinishwa kuuzwa. Hata hivyo, ziko homoni zinazohitaji kuvikwa minyororo ya sukari, kazi ambayo bakteria hao hawaiwezi.

Hapo seli za kiwavi zikapata kazi. Kuna virusi viitwavyo bakulovirusi, vinavyoua viwavi, ambavyo hujitengenezea protini nyingi mno ya kujifunika. Mwaka 1983 Max Summers na wenzake, huko Texas, waliweka jeni ya binadamu mahali pa jeni ya protini hiyo. Seli za kiwavi zikatoa interferoni ya binadamu. Mwaka 1987 ikatangazwa erithropoitini, homoni ya figo inayouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu. Ilipopimwa, ilifanya kazi.

Tusitie chumvi. Insulini ya hospitalini hutokana na bakteria au hamira, na erithropoitini hutengenezwa katika seli za mamalia, kwa sababu sukari za kiwavi si sawa na zetu na homoni yake huondoka mwilini upesi. Seli za kiwavi zimefaulu zaidi katika chanjo, kama ile ya mafua iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013.

Virusi vya jamii hiyohiyo vilijaribiwa hapa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kupambana na kiwavijeshi wetu wa asili. Basi, wadogo zangu, mkimkuta mdudu huyu shambani muueni, maana chakula ni chakula. Ila mmoja mpelekeni kwa mwalimu wa biolojia, mkamchunguze. Wenzetu walianzia hapo.