Risasi

risasi nm [i-/zi-] 1 metali laini na nzito, ya rangi ya kijivu. 2 kipande cha metali kinachoruka kutoka katika mtutu wa bunduki. 3 kitu kizima kinachopakiwa bundukini: ganda, fataki, baruti na kipande hicho. [Kar]

Matumizi. Katika mazungumzo, maana ya 2 na ya 3 huchanganywa bila madhara. Katika miongozo ya Marekani ya kujijazia risasi za bunduki za nusu-otomatiki, sharti zitenganishwe: tumia *kichwa cha risasi* kwa maana ya 2, kwa kuwa baruti inayofaa kichwa chepesi huweza kuzidisha mno shinikizo la gesi nyuma ya kichwa kizito.

Kipimo. Uzito wa kichwa na wa baruti hutajwa kwa *greni*. Greni 1 ni gramu 0.0648. Usitafsiri *gramu*. Mjazaji huanza na kiasi kidogo, kisha hupanda hatua kwa hatua. Aliyeelekezwa kuongeza nusu greni, akasoma nusu gramu, ataongeza karibu greni 8, na bunduki huweza kumpasukia usoni. *Punje* nayo haifai: hudhaniwa kuwa chembe za baruti.

Linganisha: *baruti, fataki, ganda*.