Mtihani wa maandishi wa ubingwa wa tiba ya dharura

Mtihani wa maandishi wa ubingwa wa tiba ya dharura ni mtihani unaopima maarifa ya daktari anayetaka kubobea katika kuhudumia majeruhi na wagonjwa mahututi. Nchini Kenya fani hii ilitambuliwa rasmi mwaka 2017. Nchini Tanzania, chuo kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kilianza kufundisha mabingwa wa fani hii mwaka 2010.

Madaktari wa hospitali za umma za Thika na Ruiru, kaunti ya Kiambu, hupokea majeruhi wa barabara kuu ya Thika, wakiwemo wa bodaboda. Kazi hiyo ni shule nzuri kwa mtahiniwa, ila haitoshi: mtihani huuliza pia anatomia, fiziolojia na famakolojia, masomo yanayosahaulika upesi wodini. Wengine hufanya mtihani wa Uingereza, MRCEM. Hatua yake ya kwanza ina maswali 180 ya kuchagua jibu moja, kwa saa 3. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo mtahiniwa asiache swali wazi.