Ufupisho wa Arafa na Kiingereza Sanifu: Mgogoro wa Kale

Mwalimu msomaji, bila shaka umewahi kusahihisha insha ukakumbana na tarakimu iliyokalia kiti cha silabi. Huenda ulihamaki ukasema kwamba rununu imeiharibu lugha. Kabla ya kutia wino mwekundu, hebu tuitazame historia ya Kiingereza, lugha ambayo aghalabu hulaumiwa kuwa chimbuko la balaa hili.

Mnamo 1710, Jonathan Swift aliwashutumu katika jarida la The Tatler waandishi waliokata maneno. Miongoni mwa maneno aliyoyabeza ni 'mob', kifupi cha Kilatini 'mobile vulgus'. Leo 'mob' ni neno sanifu. Aidha, mwaka wa 1917 Admirali Fisher alimwandikia Winston Churchill barua yenye kifupisho OMG, akakifafanua papo hapo. Rununu haikuwapo.

Arafa ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Ukomo wake ulikuwa herufi 160, na kibonyezo kimoja cha simu za awali kilibeba herufi tatu au nne. Basi 'great' ikawa 'gr8'. Ufupisho huu ulizaliwa na haja, si ujinga. Mwaka wa 2008, mwanaisimu David Crystal alionyesha kwamba maneno mengi ya arafa huandikwa kikamilifu, na kwamba afupishaye sharti aijue tahajia kwanza. Mwaka wa 2011, kamusi ya Oxford iliingiza OMG na LOL.

Tukirejea kwetu, chukua 'xaxa' badala ya 'sasa'. Herufi ni nne kwa nne, faida iko wapi? Katika simu zile, S ilibonyezwa mara nne, X mara mbili. Vibonyezo hivyo vimepitwa na wakati, lakini 'xaxa' imebaki kama kitambulisho cha vijana.

Je, tuwaache waandike watakavyo? La hasha! Fisher alimwandikia rafiki; mtahiniwa humwandikia mtahini. Kosa lake si kuifahamu 'xaxa', bali ni kushindwa kutofautisha sajili, na kosa hilo humpokonya alama. Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, usiishie kukata kwa mstari. Mpe arafa yake mwenyewe aigeuze kuwa barua rasmi, kisha aeleze alichobadilisha na kwa nini. Hapo atakuwa amejifunza isimujamii, nawe utakuwa umepumzisha kalamu nyekundu.