Mwaka Mpya na Azma ya Mtu

  

Ndugu Waislamu, nanyi akina mama na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani: hapa Turiani, chini ya milima ya Nguru, mwaka wapimwa kwa muwa. Kipande cha muwa kinachofukiwa leo chataka miezi 12 au zaidi kabla ya kukatwa na kupelekwa kiwandani Mtibwa. Masika yakiingia kiwanda husimama na mafundi huifungua mitambo. Kiangazi kikianza, kazi huanza upya. Mkulima wa miwa basi hana haja ya kufundishwa kwamba mavuno ya mwakani hutokana na kazi ya mwaka huu. Lakini mkulima huyo huyo, azijuaye safu zote za shamba lake, mwulize mwaka huu ataka kujua nini ambacho mwaka jana hakukijua, au ataka kuacha nini. Huenda akakaa kimya. Nasi tusimamao mimbarini tumo miongoni mwao.

Mwaka wetu wa Kiislamu hauendi na muwa. Una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Muharram huingia safari hii wakati wa baridi, na baada ya miaka kadhaa wakati wa masika, hata ikayazunguka majira yote katika miaka 33 hivi. Wapo waonao jambo hili kuwa ni usumbufu. Lakini mwaka usiofungwa na mvua wala mavuno lazima uwe umefungwa na kitu kingine, nacho chafaa kujulikana.

Imepokewa kwamba katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa gavana wa Basra, alimwandikia kwamba barua za Khalifa zamfikia bila tarehe, wala haijulikani ipi ya mbele na ipi ya nyuma. Imepokewa pia kwamba Umar alipelekewa hati ya deni la kulipwa mwezi wa Shaaban, naye akauliza: Shaaban ipi? Ya mwaka huu, iliyopita, au ijayo? Akawakusanya masahaba kwa mashauri. Wengine walitaja kuzaliwa kwa Mtume (S.A.W.), wengine kupewa utume, wengine kufariki kwake. Katika mwaka wa 17, yaani 638 kwa hesabu ya Miladi, walikubaliana kuhesabu miaka tangu Hijra, Mtume alipohama Makka kwenda Madina mwaka 622.

Hapa msomaji makini ataona neno la ajabu. Mtume aliwasili Madina katika mwezi wa Rabiul Awwal, na mwaka wetu waanza Muharram, zaidi ya miezi miwili kabla yake. Kwa nini? Imetajwa kwamba Muharram ndio mwezi ambao mahujaji hurejea kwao. Naye Imamu Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 852 Hijria, ameeleza sababu ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha khutba hii. Watu wa Madina walikula kiapo na Mtume pale Aqaba katika mwezi wa Dhul-Hijja, na mwezi wa kwanza kuandama baada ya kiapo hicho ulikuwa Muharram. Azma ya kuhama ilianza hapo. Maana yake, kalenda yetu haikuanza kuhesabiwa tangu siku ya kufika. Ilianza kuhesabiwa tangu mwezi wa kuazimia, wakati njia yote ingali mbele na Makureshi wangali mlangoni.

Tena azma hiyo haikuwa tamaa ya mdomoni. Sayyidna Abubakar (R.A.) aliwalisha ngamia wawili majani kwa muda wa miezi minne hivi, akingojea ruhusa. Mwongozaji aliajiriwa, naye ni Abdullah bin Urayqit, mtu ambaye hakuwa Mwislamu lakini aliijua njia. Sayyidna Ali (R.A.) alilala katika kitanda cha Mtume. Pango la Thawr walilojificha siku tatu liko kusini mwa Makka, na Madina iko kaskazini. Walianza safari kwa kwenda upande ambao adui hakuutazamia. Asma binti Abubakar alipeleka chakula, ndugu yake Abdullah alipeleka habari za mjini, na Amir bin Fuhayra alipitisha kondoo juu ya nyayo zao. Tawakkul ya Mtume (S.A.W.) ilikuwa kamili kuliko ya mtu yeyote, na bado kila kazi ilikuwa na mtu wake.

Yafaa sasa tuje karibu na kwetu, kwa maana mkoa wa Morogoro una historia yake ya maazimio. Kusini, upande wa pili wa mji wa Morogoro, iko milima ya Uluguru. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliona kwamba udongo wa milima ile unaporomoka, na kwamba mito yake ndiyo iujazayo mto Ruvu. Lengo la kuuhifadhi udongo lilikuwa jema, wala hatuna haja ya kulikana. Ukaletwa mpango wa kuchimba matuta ya ngazi milimani kote. Kila mlipa kodi alipangiwa kipimo chake, na asiyechimba alishtakiwa na kutozwa faini.

Matokeo yake yalikuwaje? Mahali pengi udongo wa milima ile wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Ulipochimbwa kwa ngazi, tabaka lile likafukiwa, na udongo wa chini usio na nguvu ukatoka juu. Mtu alichimba kwa jasho siku nyingi, akapanda mahindi, akayaona yakidhoofu. Tena ardhi ya Waluguru hushikwa na koo za upande wa mama, na wengi walihofu nani atakuwa na haki juu ya shamba lililogeuzwa hivyo. Manung'uniko yaliongezeka mwaka hata mwaka. Mwezi wa Julai 1955, huko Matombo, umati wa watu ulikabiliana na polisi, na mtu mmoja akapigwa risasi akafa. Baada ya hapo amri ya kuchimba iliachwa. Lakini kule Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, ambako watu walilima mboga za kuuza na kuona faida yake, ngazi zilikubalika zaidi kuliko kwingine. Mlima ni mmoja na jembe ni moja. Wa Mgeta alijua anachimba kwa ajili ya nini.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu tunalirudia majumbani. Baba humwekea mwanawe lengo la mwaka kwa fimbo: uwe wa kwanza darasani. Hajatazama udongo wa mtoto yule ukoje, wala hajui kama hesabu humshinda kwa uvivu au kwa sababu haoni vizuri ubaoni. Mwaka ukiisha, mtoto amechimba na hakuvuna, na lililobaki ni chuki juu ya jembe. Nasi watu wazima twajiwekea maazimio ya namna hiyo hiyo kwa kuiga jirani.

Kuna azimio lingine, nalo wazee wengi wanaotusikiliza walikuwamo. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969 Rais Julius Nyerere alilihutubia taifa, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka ulipokwisha alitaja wilaya 6, Mafia, Ukerewe na Masasi zikiwa miongoni mwake, ambazo zilitakiwa kuufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa 1971. Kisha mwezi wa Septemba 1971 mkutano mkuu wa TANU ukaazimia kwamba nchi nzima ifikie hapo ifikapo mwisho wa 1975.

Kwa hesabu ya mwaka 1967, karibu thuluthi mbili za watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Wapo miongoni mwa wazee wetu waliohitimu Msahafu chuoni utotoni na kuzijua herufi za Kiarabu, lakini karatasi ya mizani ya mazao iliyoandikwa kwa herufi za Kizungu walitia dole gumba tu, wasijue kilichoandikwa ni kilo ngapi. Na mama aliyepata barua ya mwanawe kutoka mjini ilimpasa kumpa mtu mwingine amsomee, na siri ya nyumba ikatoka nje.

Madarasa yalifunguliwa shuleni, majumbani na chini ya miti. Wengi wa waliofundisha walikuwa watu wa kujitolea, na wengi wa waliojifunza walikuwa akina mama. Vitabu vya kujifunzia vilihusu kazi za watu wenyewe: mpunga, mahindi, pamba, ng'ombe, uvuvi. Sisemi hapakuwa na msukumo. Agizo hili nalo lilitoka juu. Lakini barua ile ni ya mama yule, na kilo zile ni za mkulima yule. Jambo lililoagizwa na serikali lilikutana na haja iliyokuwa tayari moyoni.

Je, lengo lilitimia? Mwezi wa Agosti 1975 mtihani ulifanywa nchi nzima. Zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wamejiandikisha, na kama milioni 3.8 walifika kutahiniwa. Ilionekana kwamba watu wazima 39 katika kila 100 bado hawakujua kusoma. Kwa hiyo azimio la mwaka 1971 halikutimia kwa muda wake, na aliyependa kucheka alikuwa na la kucheka. Lakini hesabu haikufungwa. Mitihani ilirudiwa mwaka 1977, ikarudiwa tena katika miaka ya 1980, na kufikia 1986 waliobaki walihesabiwa kuwa chini ya 10 katika kila 100.

Baadaye bidii ilipungua, madarasa mengi yakafungwa, na sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba wajuao kusoma walikuwa kama watu wazima 7 katika kila 10. Vipimo havikuwa sawa, na yatupasa kuwa waangalifu katika kulinganisha. Hata hivyo kila mtu amwona jirani aliyejifunza herufi mwaka ule, asiguse tena kitabu, na leo ametia dole gumba kama babu yake.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), amelieleza jambo la kujihesabu katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din kwa mfano wa biashara. Umri ni mtaji, na nafsi ni mshirika ambaye haachiwi mtaji bila masharti. Asubuhi huwekwa sharti naye, mchana huangaliwa, jioni hufanywa hesabu. Sharti lake ni la siku moja, si la mwaka mzima, na wafanya biashara wa Turiani watamwelewa upesi: duka linalongoja mwisho wa mwaka ndipo lihesabiwe, huhesabiwa na wadai.

Mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa niliazimia kuhifadhi juzuu moja zaidi kila Muharram, nami sikuvuka sura ya pili. Nilisema nitaanza baada ya masika. Mke wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliniuliza: Masika yapi, Shehe? Tangu siku ile naandika tarehe, aya tatu kwa siku, na watoto hunisikiliza baada ya sala ya Isha.

Katika msikiti wetu, baada ya sala ya leo, mwalimu wa madrasa atakaa barazani na daftari. Anayetaka kuanza kusoma na kuandika, mzee au kijana, mume au mke, na ajongee. Litaandikwa jina lake, jambo moja atakalo yeye mwenyewe kulisoma kabla ya Muharram ijayo, iwe ni barua, karatasi ya mizani au daftari la mwanawe, na mbele yake siku atakayoanza.