Chuma Kinzakutu: Jina, Namba na Unene wa Kijiko

Katika maduka ya vyombo mjini Karatu, ambako watu wa Daa, Rhotia, Endabash na Oldeani hupitia kutafuta mahitaji ya nyumbani, kijiko huuzwa kwa neno moja: stenlesi. "Hii stenlesi, mama, haishiki kutu," atasema muuzaji, na huenda hasemi uongo. Lakini seti mbili zinazong'aa sawasawa kwenye rafu moja zinaweza zote kustahili jina hilo, kisha kijiko cha seti moja kikapinda siku ya kwanza ya kuchota sukari iliyoganda, na cha seti ya pili kikatumika mpaka wajukuu. Stenlesi ni jina la kundi zima la vyuma, na ndani ya kundi hilo vimo vilivyo imara na vilivyo dhaifu. Anayenunua anahitaji zaidi ya jina.

Tuanze na maneno tuliyo nayo. Kiswahili kimepambanua vyuma tangu zamani. Chuma ni jina la jumla. Pua ni chuma kigumu kinachoshika makali, cha visu, patasi na ncha za zana, na ndiko lilikotoka jina chuma cha pua. Feleji ni chuma bora, na upanga wa feleji ulikuwa silaha ya kutegemewa. Maneno haya mawili, pua na feleji, yanasifu ugumu na makali, na hakuna linalogusa kutu. Upanga wa feleji uliosahauliwa kwenye unyevu bila kupakwa mafuta huliwa na kutu kama jembe. Siku hizi tafsiri nyingi zinaita stenlesi chuma cha pua, na matokeo yake nondo ya ujenzi, springi ya gari na kijiko cha chai vyote vinaangukia jina moja. Mwanafunzi wa ufundi akisoma chuma cha pua hawezi kujua anaambiwa kipi kati ya hivyo.

Tofauti yenyewe kati ya chuma cha kawaida na stenlesi inaonekana wazi wilayani humohumo Karatu. Huko Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, wahunzi wa Kidatoga hufua ncha za mishale kwa misumari, wakipuliza moto kwa viriba vya ngozi, na mishale hiyo huwafikia Wahadzabe wanaowinda kwa upinde. Chuma cha msumari ni chuma chenyewe pamoja na kaboni kidogo sana. Kinalainika motoni, kinatii nyundo, kinachongoka vizuri. Kikinyeshewa mvua, kutu hiyo, na kutu haikomi juu juu. Inamenyuka vigamba, vigamba vinadondoka, na chuma kilicho chini yake kinaanza kuliwa upya.

Kinachozuia hali hiyo kwenye kijiko ni kromi. Kwa viwango vinavyotumika Ulaya, chuma hakiingii katika kundi la stenlesi mpaka kiwe na kromi isiyopungua asilimia 10.5 ya uzito wake, na kaboni isiyozidi asilimia 1.2. Kromi iliyo karibu na uso wa chuma huungana na oksijeni na kufanya utando wa oksidi, mwembamba kiasi cha nanomita chache tu, usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaofunga mlango kwa maji na hewa. Ukiukwaruza kwa uma, unajijenga tena wenyewe mradi oksijeni ipo, kama maziwa yaliyochemshwa yanavyoweka utando mpya baada ya ule wa kwanza kuenguliwa.

Ugunduzi wa chuma cha namna hii hauna miaka mingi sana. Mwaka 1912 kampuni ya Krupp huko Essen, Ujerumani, iliombea hataza chuma chenye kromi na nikeli kilichotokana na kazi ya Eduard Maurer na Benno Strauss. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka, akayeyusha chuma chenye kromi ya asilimia 12.8 hivi. Sheffield ulikuwa mji wa watengeneza visu, na Brearley akaona mara moja kwamba chuma hicho kinafaa mezani. Yeye alikiita chuma kisicho na kutu. Ernest Stuart wa kiwanda cha visu cha Mosley alikijaribu kwa siki, akakipa jina lililoshinda, ndilo hilo stenlesi, lenye maana ya kisicho na doa. Mwaka 1924 William Hatfield, wa Sheffield pia, akafikia mchanganyiko wa kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8, ambao hadi leo ndio msingi wa vijiko vizuri duniani.

Sasa turudi kwenye tafsiri. Kisicho na kutu, kisichoshika kutu, kisicho na doa: majina haya yanaahidi jambo ambalo chuma hiki hakiwezi. Stenlesi hushika kutu. Kilicho dhaifu hushika mapema, na kilicho bora hushika kikitendewa vibaya. Kitenzi kinachosema kweli ni kukinza, kitenzi kilekile kilichotupa ukinzani katika fizikia. Kwa hiyo napendekeza chuma kinzakutu: chuma kinachoizuia kutu, kwa nguvu yenye kiwango na mpaka. Sokoni stenlesi itaendelea, nalo ni neno halali la watu. Katika vitabu vya ufundi, mikataba ya manunuzi na lebo za bidhaa, kinzakutu itatuwezesha kubaki na chuma cha pua kwa maana yake ya asili.

Jina hilo halitoshi peke yake, na hapa ndipo namba zinapoingia. Geuza kijiko utazame mgongo wa mpini. Ukikuta 18/10, namba ya kwanza ni asilimia ya kromi na ya pili ni ya nikeli. Kromi inaleta utando; nikeli inauimarisha mbele ya asidi na kuongeza mng'aro. Kati ya 18/8 na 18/10 tofauti ni ndogo, na nyumbani huioni. Tofauti kubwa iko kati ya hizo na 18/0, isiyo na nikeli: ni rahisi kwa bei, imara ya kutosha, lakini hupata madoa mapema zaidi. Mtu ambaye ngozi yake huwashwa na nikeli afadhali achague hiyo 18/0. Visu vya mezani huwa na chuma kingine, chenye kromi asilimia 13 hivi na kaboni zaidi, kwa kuwa lazima kigumishwe motoni ili kishike makali. Ndiyo sababu kisu cha seti nzuri kinaweza kuonyesha vidoa vya kutu ilhali kijiko cha seti hiyohiyo kimetakata. Hukuuziwa kitu cha bandia: kisu kimetoa sehemu ya ukinzani wake ili kipate makali.

Wengi hutegemea sumaku, mara nyingi ile iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, na kanuni inayopita mitaani ni kwamba sumaku ikinasa, hiyo si stenlesi. Kanuni hiyo ina kasoro. 18/0 hunaswa na sumaku, na visu hunaswa, navyo ni chuma kinzakutu halisi. Kijiko cha 18/8 kwa kawaida hakinaswi, ila kinaweza kuvutwa kidogo sehemu zilizokunjwa kwa nguvu kiwandani. Upande wa pili, alumini hainaswi, na vilevile kuna chuma cha mfululizo wa 200, ambamo sehemu kubwa ya nikeli imeondolewa na kuwekwa manganizi ili kupunguza bei. Hicho hakinaswi, kinang'aa, na ukinzani wake uko chini ya 18/8. Kwa hiyo sumaku inaweza kukuambia kwamba kijiko kilichogongwa 18/10 ni cha 18/0. Haiwezi kukuhakikishia kwamba kisichonaswa ni bora.

Kupinda ni suala tofauti na kutu, na watu huyachanganya. Kinachoamua zaidi kupinda ni unene na umbo. Vijiko vya bei ya chini hukatwa kwenye bati la milimita 1 hivi. Vizuri vina milimita 2 hadi 2.5, hata 3. Unene ukiongezeka mara mbili, ukakamavu wa bati dhidi ya kunama huongezeka mara nane, kwa hiyo nusu milimita si kitu kidogo. Shika kijiko shingoni, pale mpini unapokutana na bakuli lake, ukisukume kwa kidole gumba. Kikilegea dukani, nyumbani hakitakaza. Kisha chukua uma uutazame kati ya meno. Kiwanda makini hung'arisha hata humo ndani. Kiwanda cha haraka huacha kingo kali zenye mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo maficho ya chumvi na mabaki ya chakula. Pitisha kidole ukingoni mwa kijiko: kikikwaruza kidole, kitakwaruza midomo.

Kilichobaki ni matunzo, na adui mkubwa ni chumvi. Kloridi iliyomo kwenye chumvi hutoboa utando wa kromi sehemu ndogondogo na kuacha vishimo visivyozibika. Magadi ya kulainishia maharage na makande huwa na chumvi ya kawaida ndani yake, kwa hiyo nayo yasuuzwe yatoke kwenye vijiko. Jiki ina klorini, isitumike kuloweka vijiko. Katika hoteli zinazohudumia wageni wa Ngorongoro, vyombo visilazwe usiku kucha ndani ya maji ya kuoshea sahani yenye mabaki ya chumvi. Stilwaya ya chuma cha kawaida huacha chembe zake juu ya kijiko, chembe hizo zikashika kutu, na lawama ikaangukia kijiko kisicho na kosa. Sabuni, sifongo, maji safi na kitambaa cha kukaushia vinatosha.

Basi anayeandika oda ya shule ya bweni au ya hoteli asiishie kwenye "vijiko vya stenlesi, dazeni 20", kwa sababu maneno hayo yanamruhusu mzabuni kuleta chochote kinachong'aa. Aandike: "vijiko vya chuma kinzakutu, daraja 18/8, unene usiopungua milimita 2 shingoni, kingo zilizong'arishwa." Mama wa Daa anayenunua sita tu anaweza kumwuliza muuzaji mambo hayohayo matatu: namba gani, unene gani, na kingo zikoje. Tukizoea kuyauliza kwa Kiswahili, wauzaji nao watazoea kuyajua.